KUCHAGULIWA SI KUFIKA

Andiko la wiki: 1 Samweli 16:1–13

 

Wiki hii Neno linatupeleka Bethlehemu, kwa boma la mzee Yese. Nabii Samweli amefika na pembe yake ya mafuta, na Yese anawapanga vijana wake mstari. Wa kwanza ni Eliabu, mrefu, kifua mbele. Samweli mwenyewe anasema moyoni, huyu ndiye. Mungu anamzuia: usipime kimo, usipime sura, Mimi naangalia moyo. Vijana saba wanapita na saba wanakataliwa. Wa nane hata hakuitwa kwa mstari. Yuko malishoni na kondoo.

Mstari wa namna hiyo tunaujua hapa Dundori. Siku ya kusajili makurutu wa jeshi, vijana wetu huamka usiku wa manane, baridi ya huku juu ikiuma, vyeti vikiwa kwa bahasha ya kaki. Wanakimbia. Wanapimwa kimo, kilo, meno na miguu. Jioni wachache wanarudi na barua ya kuitwa, na wengi wanarudi na ile bahasha yao tu. Nyumba moja kuku anachinjwa. Nyumba ya pili mama anamimina chai na hakuna anayeongea.

Neno la leo ni la nyumba zote mbili.

1. Nambari yako kwa mstari haisemi mwisho wako

Marekani nao wana mstari wao. Wana mpira wao, si huu wa Gor Mahia na AFC. Ule wa kwao wanaubeba mikononi, una umbo la yai, na wachezaji huvaa helmeti. Kila mwaka, mwezi wa nne, timu za ligi ya kulipwa, NFL, hukaa na kuchagua vijana kutoka vyuo vikuu. Timu inataja jina moja, inayofuata inataja lingine, mpaka majina yanafika mamia. Anayetajwa mapema hupewa pesa nyingi na sifa nyingi. Anayetajwa mwisho wengi hata hawamsikii.

Sasa chukua chuo kimoja tu, Boston College. Tuangalie vijana watatu waliotoka pale.

Wa kwanza ni Matt Ryan. Mwaka 2008 alitajwa nambari 3 katika nchi nzima, na timu ya Atlanta ikamchukua. Alicheza vizuri sana, hata akatajwa mchezaji bora wa ligi msimu wa 2016. Msimu huo huo akaifikisha timu yake fainali, ile inaitwa Super Bowl. Wakawa mbele 28 kwa 3. Watu wakaanza kusherehekea. Mchezo ulipoisha walikuwa wameshindwa 34 kwa 28. Ryan aliacha kucheza bila kushinda fainali hata moja.

Wa pili ni damu ya hapa jirani. Mathias Kiwanuka alizaliwa Indianapolis mwaka 1983, wazazi wake wakiwa wametoka Uganda. Babu yake ni Benedicto Kiwanuka, aliyekuwa waziri mkuu kabla ya uhuru wa 1962, kisha akawa Jaji Mkuu. Mwezi wa tisa 1972 askari wa Idi Amin walimchukua kutoka Mahakama Kuu ya Kampala, wakamuua. Mjukuu wa mzee huyo alitajwa mwaka 2006 na timu ya New York Giants, nambari 32. Majina 31 yalitangulia lake.

Wa tatu ni Doug Flutie. Mwaka 1984 alipewa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Lakini alikuwa mfupi kwa kazi yake ya kurusha mpira, na pia alikuwa ameshatia saini na ligi nyingine. Mwaka 1985 alipotajwa, alikuwa nambari 285. Watu 284 mbele yako! Flutie alikwenda mpaka Canada, na huko akatajwa mchezaji bora mara sita. Baadaye NFL yenyewe ikamrudisha. Tarehe 1 Januari 2006, akiwa na miaka 43, alikuwa bado uwanjani akipiga mpira wakati rika lake walishakaa nyumbani kitambo.

Wapendwa, nambari 3, nambari 32, nambari 285. Chuo ni kimoja. Je, kuna aliyeweza kusoma mwisho wa hawa watu kwa kuangalia nambari zao? Hakuna. Mwambie jirani yako: nambari si mwisho.

Rudi kwa Biblia uone jambo ambalo wengi tunaliruka. Ukifungua sura ya 17, utampata Eliabu ni mwanajeshi wa Sauli. Yeye na ndugu zake wawili waliofuata. Jeshi lilimchukua Eliabu. Daudi je? Daudi alitumwa apelekee ndugu zake bisi na mikate, halafu arudi kwa kondoo. Yule aliyekuwa ametiwa mafuta ndiye hakuwa kwa orodha ya jeshi!

Kijana wangu uliyerudi na bahasha, nisikilize. Kuna mizani ya watu na kuna mizani ya Mungu. Afisa anapima futi na inchi kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake, na hafanyi vibaya. Lakini kipimo chake hakifiki moyoni. Usiruhusu jioni moja ya uwanjani ikuambie wewe ni nani.

Na wewe mzazi. Kila mwaka kuna watu wanaopita vijijini wakisema wanajua mkubwa fulani, leta kitu kidogo jina liingie. Ng'ombe wa maziwa anauzwa. Kipande cha shamba la waru kinauzwa. Kisha simu ya huyo mtu inazimwa. Hata kama simu isingezimwa, mzazi, ungekuwa umemfundisha mtoto wako kuingia kazini kwa hongo, na mlango ulioingia kwa hongo utakuwa unalipa kila mwezi ili usifungwe. Yese hakumpa Samweli bahasha. Mafuta hayanunuliwi. Simoni mchawi alijaribu kule Samaria, Matendo 8, na unajua Petro alimjibu nini.

2. Mlango si nyumba

Sasa nyumba ya kuku. Tunafurahi na nyinyi, na furaha hiyo ni halali. Lakini sikia. Anayechukuliwa na jeshi haendi moja kwa moja kuwa mwanajeshi. Anapelekwa Eldoret kwanza, kwa mafunzo, na huko ndiko anajua alikuwa ameitiwa nini. Barua inakufungulia mlango tu. Kutembea ndani ni kazi yako.

Daudi alimiminiwa mafuta mbele ya ndugu zake. Kesho yake hakukalia kiti cha enzi. Alirudi malishoni. Akaja kukimbizwa na Sauli, akalala pangoni Adulamu. Alipokuwa na miaka 30 ndipo akawa mfalme. Sauli naye, je? Alichaguliwa na Mungu yuleyule, akatiwa mafuta na nabii yuleyule, na kimo kilikuwa chake, alizidi watu wote mabega. Akalegea katika kutii, ufalme ukamtoka. Kuchaguliwa kwake hakukumlinda.

Mtazame tena Kiwanuka. Mwaka wake wa kwanza, tarehe 26 Novemba 2006, Giants walikuwa Tennessee. Walikuwa wameongoza 21 kwa 0, na wapinzani wakaanza kurudi. Ikafika mahali Tennessee wana jaribio moja tu la mwisho, wakikosa mpira unachukuliwa. Kiwanuka akamfikia mrushaji wao, Vince Young, akamkumbatia kwa mikono yote miwili. Imeisha! Lakini Kiwanuka akadhani mpira umesharushwa, akaogopa kuadhibiwa, akamwachilia. Young akakimbia nao. Giants wakapoteza 24 kwa 21.

Alikuwa amemshika. Hakukosa nguvu, wala mbio, wala kimo. Aliachilia akidhani kazi imekwisha, na filimbi ilikuwa haijapigwa.

Ni wangapi kati yetu tumeachilia hivyo? Ulikuwa umeshika maombi ya alfajiri. Ulikuwa umeshika ndoa yako. Ulikuwa umeacha chang'aa miaka mitatu, ukasema sasa niko sawa, ukalegeza mkono. Uliokoka kwa krusedi, ukalia machozi, jina likaandikwa kwa kitabu cha kanisa, ukadhani umefika. Petro anatuambia katika waraka wake wa pili, sura ya kwanza, mstari wa 10, tufanye bidii kuuthibitisha wito wetu na uteule wetu. Anawaambia hivyo watu ambao wameshaitwa! Filimbi haijapigwa, mpendwa. Shika!

Lakini habari ya Kiwanuka haikuishia Tennessee, na hapa kuna neema. Mwaka uliofuata alivunjika mguu, timu yake ikashinda Super Bowl mapema 2008 yeye akiwa nje. Mwaka 2010 akaumia shingo, msimu ukampotea. Mtu angeweza kusema, huyu alichaguliwa bure. Hakuacha. Tarehe 5 Februari 2012 alikuwa uwanjani, Giants wakawashinda New England 21 kwa 17. Na fainali hiyo ilichezwa wapi? Indianapolis, mji aliozaliwa. Karibu miaka sita tangu jina lake litajwe.

Kombe lile ni la fedha, na Paulo anatukumbusha katika 1 Wakorintho 9 kwamba taji za michezo huharibika. Kama mtu anaweza kuanguka na kuamka hivyo kwa ajili ya taji linaloharibika, wewe unayeshindania lisiloharibika utalala kwa nini?

3. Kanisa lifanye nini

Jumapili baada ya usajili huwa tunawaita mbele waliochukuliwa, tunawaombea, tunawachangia nauli. Ni vyema, tusiache. Lakini safari hii tuwaite na wale waliorudi na bahasha. Tuwawekee mikono pia. Mwenye shamba linalohitaji mkono awaambie. Fundi aliye na nafasi ya mwanafunzi asimame aseme. Samweli alikataa kuketi mezani mpaka kijana wa malishoni aletwe. Na sisi tusiketi kula kuku kabla hatujawatafuta walio nje.

Tuombe

Baba, katika jina la Yesu, tunakushukuru kwa sababu macho yako yanafika malishoni. Wape waliochaguliwa unyenyekevu na mikono isiyolegea. Wainue waliopitwa, uwaonyeshe kwamba hukuwapita. Ponya nyumba zilizouza mali zikadanganywa. Na yule aliyeachilia, Bwana, mrudishe uwanjani leo, kwa maana filimbi bado. Amina.