Kifuniko cha sufuria: kucheka taabu ya mtu anayejisimulia mwenyewe

Swali tunaloandika hapa lilianza siku moja ya jumamosi, ndani ya sale moja ya mikutano hapa Walungu-centre, miaka michache mbele ya vita kufika tena Bukavu mwezi wa pili 2025. Vijana walikuwa wametayarisha mchezo wa kuchekesha. Haukuwa mchezo kama ule tuliouzoea, wenye mume mlevi, mke mwenye makelele na shemeji mwenye tamaa. Alisimama kijana mmoja peke yake, mikro mkononi (mikro yenyewe ilikuwa inakatika-katika), bila nguo za mchezo, bila masizi usoni, akaanza kusema mambo yake mwenyewe. Vijana wetu wanawaona wachekeshaji wa namna hiyo kila siku ndani ya telefone. Kwa sisi wenye mvi ilikuwa mara ya kwanza kumuona mmoja kwa macho, tena mtoto wa hapa hapa.

Alisimulia usiku waliokimbia. Alikuwa na miaka saba. Watu wa silaha walitoka upande wa msitu, na baba yake akalia: kila mutu abebe kitu cha maana! Yeye akaona sufuria ya bugali iko juu ya moto, akaruka, akashika kifuniko. Kifuniko tu. Alikimbia nacho usiku wote, mlima kwa mlima, amekikumbatia kama mtoto mchanga. Kulipokucha mama yake akamfungua mikono aone amebeba nini. Hapo kijana aliiga uso wa mama yake, na sale nzima ikalipuka. Akaongeza kwamba mpaka leo, akimkosea mama, anaulizwa: na kile kifuniko, kilikuwa kinafunika nini? Watu walikuwa wanajipiga mapaja. Baba mmoja mbele yetu alianguka pamoja na kiti.

Kiisha, kwa sauti ile ile, bila kubadilisha uso, akasema kwamba dada yake mkubwa, aliyekuwa anasonga ule bugali, naye alibaki pale kando ya moto, na hawakumuona tena.

Kicheko kilikuwa bado njiani. Watu kama kumi hivi walicheka, kwa sababu kicheko ni kama camion inayoteremka na mzigo: haisimami pale pale unapokanyaga freno. Tusijifiche. Sisi tunaoandika tulikuwa kati ya wale kumi. Kiisha kukawa kimya, na katika kile kimya mama mmoja mzee alisimama, akafunga vizuri kikwembe chake, akatoka nje. Kijana aliendelea na mengine mpaka mwisho. Watu walimpigia makofi, lakini yalikuwa makofi ya mtu anayetazama jirani yake kwanza kama naye anapiga.

Nje ya mlango ndipo mabishano yalipoanza. Mmoja alisema: "Nililipa faranga elfu mbili juu nicheke, ule mutoto ametutega." Baba mwingine, mtu wa kanisa, alisema wafu hawafanywi mchezo. Msichana mmoja akamjibu kwa heshima lakini bila woga: "Papa, ni yeye alipoteza dada yake. Munamukataza juu ya nini?" Tulirudi nyumbani bila jibu, na kwenye mkutano wa chama tuliorudiana nao jambo hilo mara tatu, tuligawanyika. Ndiyo maana tunaliweka hapa.

Tuanze na desturi. Jioni kando ya moto, koko alipotutolea migani, mwenye kuanguka shimoni alikuwa chui, mwenye kukatwa mkia alikuwa fisi. Tulicheka mpaka machozi, na hakuna mtu aliyeumia, kwa maana fisi hakuwa amekaa pamoja nasi. Koko mwenyewe alikuwa na taabu zake, tulizijua baadaye, lakini hakusema hata siku moja "mimi nilianguka shimoni." Taabu ya mtu mwenyewe ilikuwa na mahali pake pengine: mbele ya wazee, katika maombi, au kwenye kilio.

Hata watu wa mchezo wa Kongo walifuata njia ile ile. Kule Lubumbashi kundi la Mufwankolo lilichekesha watu kwa Kiswahili cha Katanga kwa miaka mingi, ndani ya radio na televizio. Mwaka 1986 walicheza mchezo juu ya msemo kwamba mamlaka huliwa mzima, bila kugawanywa, na mtafiti Johannes Fabian aliuandikia kitabu kilichotoka mwaka 1990. Hawakuwa na maneno yaliyoandikwa. Walipatana njia ya hadithi, kiisha kila mmoja akajisemea. Wakati wa Mobutu, kucheka mambo ya mkubwa wa kijiji kulitosha. Kila mtazamaji alijua mwenyewe pa kumpeleka yule mkubwa. Lakini mchezaji alikuwa amevaa mtu mwingine. Akiisha kucheza, anavua, anaenda nyumbani. Kijana wetu hakuwa na kitu cha kuvua.

Wenzetu wa Tanzania wana utani, na unatufaa kuutazama. Wazaramo na Wanyamwezi, kwa mfano, ni watani tangu safari za misafara kati ya pwani na bara. Mtani akifika kwenye msiba anaweza kuiga namna marehemu alivyotembea, anaweza hata kuzuia jeneza mpaka apewe pesa, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Tukumbuke lakini kwamba mtani siye mfiwa. Mwenye kidonda amekaa, mwingine anachekesha, na desturi imesimama katikati yao kuwalinda wote wawili. Mbele yetu jumamosi ile mfiwa na mtani walikuwa mtu mmoja, na hapakuwa na desturi ya kutuambia tufanye nini na midomo yetu.

Hata hivyo tusijifanye watakatifu. Nani kati yetu hajacheka kwenye kilio? Usiku wa pili au wa tatu, wababa wamezunguka moto, kasiksi inapita, mmoja anaanza: "Munakumbuka siku ile marehemu aliuza mbuzi ya shemeji yake?" Na wamama ndani ya nyumba wanasikia tunacheka, na hakuna anayekuja kutugombeza. Mara nyingine ni mjane mwenyewe anayerekebisha hadithi: haikuwa mbuzi, ilikuwa kondoo. Kicheko kile hakitukani mtu, kwa maana kila anayecheka anajua hadithi inaishia wapi. Inaishia pale kwenye udongo mpya, nyuma ya nyumba.

Hapo ndipo tofauti ilipo, na tulichelewa kuiona. Watu wa sale walicheka bila kujua mwisho.

Jambo hili wengine wameligusa mbele yetu. Richard Pryor, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1940, aliungua vibaya sana mwaka 1980 kwa moto uliotokana na madawa ya kulevya. Miaka miwili baadaye ilitoka filamu yake akiwa amesimama mbele ya watu, akisimulia moto ule na kitanda cha hospitali, na watu wakicheka. Mwishoni aliwasha kiberiti, akakipitisha mbele yao, akawarudishia kichekesho walichokuwa wanamsema mitaani: kwamba ule moto unaokimbia ndiye yeye. Tunaona alifanya kazi kubwa pale. Kile kichekesho kilikuwa cha watu, tena kilikuwa kibaya. Alikichukua, kikawa chake. Methali inasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Pryor alikuwa amekilalia, na kunguni aliwahesabu mwenyewe.

Trevor Noah wa Afrika Kusini naye ameandika, katika kitabu cha mwaka 2016, jinsi mama yake alivyopigwa risasi ya kichwa na mume aliyekuwa ameachana naye, akapona. Mwana analia kando ya kitanda, na ni mama, mwenye bandeji, aliyeanza kutania. Katika nyumba za namna hiyo (na hapa Walungu tunazijua) mwenye kidonda akitangulia kucheka, wengine wanapata ruhusa ya kupumua.

Lakini aliyetusaidia zaidi ni mchekeshaji wa Australia, Hannah Gadsby. Mwaka 2018 onyesho lake liitwalo Nanette lilitoka duniani kote. Mwanzoni alisimulia jinsi kijana mmoja alivyotaka kumpiga kwenye kituo cha basi, kiisha akamwacha, na watu wakacheka. Karibu na mwisho alirudi kwenye hadithi ile ile, akasema ukweli wake: kijana yule alirudi, akampiga, na hakuna aliyezuia. Alieleza kwamba kichekesho kinatosheka na mwanzo na katikati, lakini hadithi inataka na mwisho; na kwa miaka mingi yeye alikuwa anaukata mwisho juu watu wacheke. Watazamaji waligawanyika. Wengi walilia. Wengine walisema hii siyo kuchekesha tena, ni mahubiri. Maneno yale yale ya mlangoni kwetu, isipokuwa wao hawakutaja faranga elfu mbili.

Basi yule aliyesema "ametutega", tunamjibu nini? Tunamjibu kwamba ni kweli, alitegwa, na sisi pia. Ila aangalie vizuri mtego ulikuwa nini. Kijana angeweza kukata hadithi kwenye kifuniko. Tungeenda nyumbani na furaha, tukirudia-rudia habari ya kifuniko kwenye soko la Mugogo, na yule dada angekuwa amekufa mara ya pili, safari hii kwa ajili ya starehe yetu. Anayedai kicheko kisicho na mwisho anamuomba msimulizi azike nusu ya nyumba yake.

Na tusifikiri machozi ni bora kuliko kicheko. Hapa Walungu tumeona machozi mengi ya wageni. Tangu miaka ya 2000 walikuja wengi na madaftari na kamera, wakawaomba wamama waseme yaliyowapata. Wengine walisaidia kweli, hatukatai. Kuna wamama wanaotembea leo kwa sababu ya hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa Bukavu mwaka 1999. Lakini tulimsikia mama mmoja akisema kwamba wageni wakianza kulia yeye ananyamaza, kwa maana ni lazima sasa awabembeleze. Tena hakuna aliyemuuliza kama katika siku zile palikuwa na jambo la kuchekesha. Lilikuwepo. Alitusimulia sisi, na lilihusu jogoo, na hatutaliandika kwa sababu ni lake. Yule mgeni mwenye daftari anachagua swali, anachagua pa kuanzia na pa kukomea. Kijana wa jumamosi alichagua mwenyewe: kifuniko kwanza, dada baadaye. Pengine ni mara yake ya kwanza kuongoza usiku ule, badala ya usiku kumuongoza yeye.

Mtu wa kanisa tunamheshimu, lakini wafu wa kilioni tunawacheka na hawalalamiki. Jambo linalotusumbua ni jingine, na bado hatujalimaliza: ndani ya sale walikuwemo watu waliokimbia usiku kama ule, na hawakuchagua mikro. Kijana ana haki juu ya hadithi yake. Lakini usiku ule haukuwa wake peke yake. Kaniola, Burhale, Nindja, kila mlima una kifuniko chake. Kati yetu kuna wanaosema angetangaza mbele, kama vile padri anavyotangaza misa ya wafu. Wengine wanasema ukitangaza, hakuna atakayekuja, na waliokuja watakaa na uso wa kilio tangu mwanzo, na mama mwenye kuulizia kifuniko hatapata nafasi ya kuchekesha mtu. Wote wana sababu. Sisi tunaegemea hawa wa pili, lakini siyo kwa nguvu.

Juu ya kicheko chetu, kile kilichochelewa, tulitaka kwanza kukiombea radhi. Kijana mwenyewe alitukataza tulipomuona wiki iliyofuata. Alisema kicheko kile anakitegemea. Asipokisikia, anajua watu hawakuwa pamoja naye kwenye sufuria, na habari ya dada itawapita kama tangazo la radio. Asiyeweza kumsamehe ni yule anayecheka, anasikia, halafu anageukia jirani yake kuuliza saa.

Jumamosi ile, tulipotoka na kelele zetu, yule mama mzee tulimkuta nje, amekaa juu ya tofali kando ya ukuta. Tulifikiri anamngojea kijana amgombeze, na wengine walisogea karibu ili wasikie. Kijana alipotokea alimwita kwa mkono, akamuuliza: "Dada yako alikuwa anaitwa nani?" Akamwambia. Mama akalirudia lile jina polepole, akauliza na la koko yake, kiisha akasogea kidogo juu ya tofali ili kijana apate mahali pa kukaa. Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Bukavu, tukawaacha pale.