Ukimpa dawa, mpe na habari yake

Je, ni huruma kumficha mgonjwa ubaya wa dawa yake ili asiogope kuitumia?

Watu walipokimbia Palma, Machi 2021, wengine walifika hapa Quionga na majeraha yasiyotoka damu. Kijana halali, anasikia sauti, usiku anatoka mbio. Huko hospitali wengi wa namna hii huchomwa haloperidol, dawa iliyotengenezwa Ubelgiji mwaka 1958, nayo inasaidia kweli. Lakini mara nyingine, zaidi kwa vijana wa kiume, ndani ya siku chache za mwanzo misuli inakaza: shingo inapinda, macho yanapanda juu, ulimi unatoka. Ikikaza misuli ya koo, pumzi inapita kwa mlio na kwa shida, na mtu anaweza kufa. Kumbe ipo sindano ya kuilegeza, kama biperideni, na mara nyingi ni suala la dakika tu.

Sasa familia isiyoambiwa kitu itasema nini? Jini limepanda. Ubani unawashwa, dakika zinakwenda. Dua ni yetu, hatuiachi, ila isomwe njiani kwenda hospitali.

Wapo wanaosema: ukimwambia atakataa dawa, na ugonjwa utamrudia. Hoja hii ina uzito. Lakini aliyebanwa pumzi bila kuonywa ndiye hatagusa dawa tena, na nduguze pia. Kinachotisha ni ukweli wa nusu. Ukitaja hatari, taja na tiba yake, na mwambie asiache dawa kimyakimya bali arudi kwa aliyempa.

Kwetu sisi tuliotawanyika kuna swali gumu zaidi: aambiwe nani? Mama yuko Mueda, baba hajulikani alipo. Anayelala naye chumba kimoja ni jirani wa juzi tu. Ugonjwa ni siri ya mgonjwa, basi aulizwe mwenyewe akiwa ametulia: unamwamini nani? Huyo ndiye aambiwe. Akiwa hawezi kujibu, anayelala karibu aambiwe jambo moja tu: ukisikia pumzi inalia, usingoje kuche, mkimbize.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Anayeficha madhara ya dawa naye atafichuliwa na kilio kilekile, ila msiba utakuwa wa wengine.