Jembe Lipi Nimpe?

Niliposema niko Salalah, nilikuwa nimekaa kitandani kwangu Muscat. Salalah iko kusini kabisa, kama kilomita 1,000 kutoka hapa, na ndiyo maana niliichagua. Ami aliyepiga simu kutoka Pemba hakuuliza zaidi. "Basi Mungu akupe wepesi, mwanangu," akasema. Alikuwa anakuja kutibiwa macho, yeye na mkewe, wiki mbili, pengine mwezi. Mimi nilikuwa na mtihani baada ya siku tisa.

Huyu si ami yangu wa damu. Kwetu ni Wete, na nilipochaguliwa skuli ya Chake Chake nilikaa kwake miaka miwili. Sikumbuki hata siku moja kusikia mchele ukihesabiwa kwa ajili yangu.

Katika mwaka mmoja na nusu nimepokea wageni 11: wa harusi, wa biashara ya nguo, wa hospitali, na mmoja aliyesema amekuja kubadilisha hewa, mwezi wa Juni, joto limepita nyuzi 40. Nina chumba kimoja na sebule. Mchana nafanya kazi ya uhasibu, usiku nasoma shahada ya uzamili. Mgeni akilala sebuleni, mimi husomea jikoni.

Sote tumekua na methali ya mgeni kupewa jembe siku ya tatu. Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipoeleza maana ya Ujamaa. Tena tumefundishwa hadithi ya Mtume kwamba haki ya mgeni ni siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka. Sehemu inayomkataza mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake dhiki, sijaisikia ikitajwa mbele ya wageni. Kant naye, mwaka 1795, alimpa mgeni haki ya kuzuru nchi ya watu bila kufanywa adui, lakini si haki ya kukaa.

Lakini jembe lipi nimpe? Msimu wa karafuu, mgeni wa Pemba hupanda mkarafuu pamoja na wenyeji, na jioni hukaa nao kuchambua. Mgeni wangu wa ghorofani hajui njia, hana gari, na mchana jua halimruhusu kutoka. Akitaka sana kunisaidia, ataosha vikombe.

Hata Ami, nikifikiri vizuri, hakunilea peke yake. Jirani mmoja alileta samaki, mwengine muhogo. Na tuseme kweli: sifa za ukarimu zilikwenda kwa Ami, lakini aliyeamka alfajiri kukuna nazi ni mkewe. Ulikuwa ukarimu wa mtaa mzima ukiitwa kwa jina la mtu mmoja, nami nikaja nao Muscat nikidhani mtu mmoja anaweza kuubeba.

Halafu kuna maneno yenyewe. Kiswahili kina neno moja tu, mgeni, kwa anayekuja kwako na kwa asiye wa nchi hii. Na katika "mwenyeji" mimi nasikia "mwenye mji". Hapa sina mji. Nina kibali cha ukaazi chenye tarehe ya mwisho, na mkataba wa pango unaotaja idadi ya watu. Mgeni anampokea mgeni.

Hoja hii ingenitosha kama ningemwambia Ami, "Siwezi." Angekasirika labda, au angesema watalala hata jikoni, na ningelazimika kumjibu. Hayo ndiyo niliyoyakimbia. Nilimfungia mlango bila yeye kuuona, nikamnyima hata haki ya kujua kwamba amekataliwa. Sina uhakika kama nilikuwa na wajibu wa kumpokea. Wajibu wa kumwambia ukweli nilikuwa nao, na huo haukuhitaji sebule kubwa.

Walikuja, wakakaa Seeb kwa watu wengine. Mtihani nilifaulu. Wiki iliyopita kijana mmoja wa kwetu alinipigia simu, ana mfuko wangu. Ami alimwachia na kumwambia anipe nikisharudi. Ndani mlikuwa na karafuu, halua na kitambaa cha shati.

"Salalah kukoje?" akaniuliza.

Nikamwambia kuna mvua.