Je, Mwenye Hati Ndiye Mwenye Ardhi?

Suali tunaloliweka mbele yenu ni hili: mtu akipewa hati ya ardhi ya wazee wake, je, ana haki ya kuiuza asimbakishie atakayezaliwa?

Tuanze na Marekani. Miaka ya 1920, iitwayo zama za jazi, husifiwa kuwa ni miaka ya uhuru. Mwaka 1920 Katiba ilikataza mtu kunyimwa kura kwa kuwa ni mwanamke. Na mwaka 1924 wenyeji wa asili, waliokuwa wakiitwa Wahindi Wekundu, wote walitangazwa kuwa raia. Lakini ardhi ilikuwa ikiwatoka. Sheria ya 1887 iliruhusu ardhi ya makabila yao igawanywe, kila mtu na kipande chake. Kilichoitwa ziada kikafunguliwa kwa wageni, na vipande vingi vikapotea kwa kuuzwa, kwa kodi na kwa hila. Mwaka 1887 walikuwa na ekari kiasi cha milioni 138. Mwaka 1934, ugawaji ulipokomeshwa, zilisalia milioni 48 hivi. Wakawa raia wa nchi, ilhali nchi yenyewe imewaponyoka.

Tusidhani hayo ni ya mbali. Hapa Kenya, Wamasai walihamishwa kwa mikataba ya 1904 na 1911, wakakusanywa kusini, ilipo Kajiado. Sheria ya 1968 ikawaandikisha katika ranchi za vikundi. Na miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela ikagawanywa, kila mwanachama na hati yake. Nairobi i karibu: bei ikapanda, malisho yakawa viwanja, na seng'enge zikasimama palipokuwa pakipita mifugo na wanyama wa mwitu.

Haifai kuwalaumu waliouza. Ukame ukiua ng'ombe, karo ikidaiwa, mgonjwa akilazwa, huenda hati ikawa ndiyo akiba pekee. Wala umoja haukuwa salama: wengi walitaka kugawana kwa kuchelea wakubwa wa kikundi wasije wakajitwalia.

Hata hivyo twaona ni kosa kuamini kwamba kumiliki maana yake ni kuuza tu. Jina katika hati ni moja, lakini wenye haki ni wengi: mke, na watoto ambao hawakuwapo siku ya kuandikishwa. Sisi wa pwani twaujua wakfu: shina hufungwa, matunda yakaliwa. Na Kitengela kwenyewe, tangu 2000, ulianzishwa mpango wa kuwalipa wafugaji kwa kila ekari wasiyoiuza wala kuizungushia ua, ili wanyama wa Mbuga ya Nairobi wapite. Fedha hizo zikawafaa wengi kwa karo.

Basi kabla ya kuuza kiwanja cha babu, kikiwa Mombasa, Malindi au Lamu, tuwakusanye wenye haki wote, tuulize kwanza kama haja yetu yaweza kukidhiwa na pato lake. Ikiwa haiwezi, na tuuze. Lakini thamani yake tuitie katika kitu ambacho wajukuu watakikuta.