Je, Kumwekea Mgeni Mipaka ni Kumtukana?



Liko swali ambalo limeletwa kwetu zaidi ya mara moja na vijana wa hapa Mkuu wanaosomea kazi ya kompyuta, nasi tumeona heri tulijadili katika kurasa hizi kuliko kulijibu kwa neno moja mlangoni baada ya ibada. Chuoni hufundishwa kwamba programu iliyoandikwa na mtu mwingine isiaminiwe, hata kama mwandishi wake ana sifa njema. Sasa wauliza: Je, jambo hilo lapatana na sisi tuliolelewa kumpa mgeni kiti kabla ya kumwuliza atokako? Kumshuku mtu ambaye hajakukosea, si kumhukumu?

Kwa ajili ya wale ambao simu kwao ni ya kuongea na kupokea fedha tu, yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe.

M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi wa Machi 2007, na hapa kwetu mwaka 2008, ilikuwa orodha fupi ya maagizo iliyofanya kazi hata katika simu ndogo ya vibonyezo. Hapakuwa na nafasi ya mtu wa nje kuingiza kazi yake humo. Siku hizi mambo ni mengine. Juni 2021 kampuni ya Safaricom ilitoa programu ya M-Pesa ambayo ndani yake mna programu ndogo za makampuni mengine, kama vile za kukata tiketi za safari. Wachina walikuwa wamekwisha kufanya hivyo katika WeChat tangu Januari 2017. Programu ndogo ya namna hii mara nyingi haipakuliwi na kukaa peke yake kwenye simu. Huja kwa mtandao unapoigusa, hufanya kazi yake tumboni mwa ile kubwa, kisha huondoka.

Hapo ndipo penye shida. Simu za Android tangu mwanzo zimepangwa hivi, kwamba kila programu huhesabiwa kama mtu mbali, mwenye chumba chake, asiyeweza kufungua chumba cha mwenzake. Tangu toleo la 6, la mwaka 2015, simu humwuliza mwenyewe wakati wa kazi: Je, programu hii isome majina ya watu wako? Itazame kwa kamera? Huo ni ukuta mzuri, lakini hutenga nyumba na nyumba. Mgeni aliyekwisha kuketi sebuleni hazuiwi nao. Simu humwona mwenyeji peke yake. Kama mwenyeji amepewa ruhusa ya kusoma majina, basi lolote litakalofanywa na mgeni litaonekana limefanywa na mwenyeji. Kwa hiyo mwenyeji hana budi kujenga kizuizi chake mwenyewe humo ndani. Katika nyumba za zamani za Wachagga ng'ombe walilala upande mmoja na watu upande mwingine, katikati pana kizuizi. Hakuna aliyesema ng'ombe ni mwovu. Ila hakuna aliyetaka kuamka na kukuta ndizi zimekwisha liwa.

Mtu atasema, mbona wasiikague programu mlangoni, wakaisoma yote mstari kwa mstari, iliyo njema wakaiacha ipite huru? Wanaikagua, na ni vema. Lakini mwaka 1936 Mwingereza Alan Turing alithibitisha kwa hesabu kwamba hakuna njia moja inayoweza kuichukua programu yo yote ile na kusema bila kukosea kama itafika mwisho au itazunguka milele. Waliomfuata walionyesha kwamba hali ni hiyo hiyo kwa maswali mengi ya jinsi hii, likiwemo hili la kama programu itatenda siku moja tendo fulani baya. Si kwamba wakaguzi ni wavivu au mashine zao ni dhaifu. Ni jambo lisilowezekana.

Kwa maoni yetu, hapa ndipo swali la vijana linapojibika. Anayemwekea kila mgeni mipaka ile ile hajamhukumu mtu ye yote. Amekiri tu kwamba haoni moyoni mwa mtu. Anayehukumu ni yule atazamaye uso na kusema, huyu aonekana mwema apite, yule simpendi akae nje. Tena katika nchi kama yetu twajua ni nani hupitishwa kwa uso: ni mwenye kampuni kubwa, mwenye suti, mwenye mjomba ofisini. Kijana wa Keni au Tarakea aliyetengeneza programu yake kwa kompyuta ya kuazima atasubiri nje mpaka jioni. Palipo na ukuta ulio imara, hata huyo asiyejulikana aweza kukaribishwa, kwa kuwa kumkaribisha hakumhatarishi mtu.

Na wema wa jana si dhamana ya kesho. Novemba 2018 iligunduliwa habari ya programu iitwayo event-stream, kifaa kidogo kilichotumiwa na waandishi wa programu duniani kote. Aliyeianzisha alikuwa amechoka kuitunza bila malipo. Mtu asiyemjua alijitolea kumsaidia, naye akamkabidhi. Yule mgeni akaongeza kipande kilichofichwa, ambacho kililala kimya kila mahali isipokuwa kilipojikuta ndani ya Copay, programu ya simu ya kuwekea fedha za bitcoin. Humo kiliamka na kutafuta funguo za watu. Waliotengeneza Copay hawakumfungulia mwizi mlango. Walikuwa wakitumia kifaa kile kile walichokizoea, ila mikono iliyokishika ilikuwa imebadilika.

Kizuizi chenyewe hujengwaje? Waandishi wa Kiingereza hukifananisha na sanduku la mchanga wachezeamo watoto: ndani yake mtoto ajenge na kubomoa atakavyo, lakini mchanga usimwagike sebuleni. Njia mojawapo ni WebAssembly, iliyofanywa kanuni ya kimataifa Desemba 2019. Programu iliyotafsiriwa kwa njia hiyo hupewa kipande chake cha kumbukumbu, isiweze kusoma wala kuandika nje yake. Yenyewe haina hata jina la kuliitia faili au mtandao. Ina yale tu iliyokabidhiwa na mwenyeji. Na kwa kuwa Turing ametuonya kwamba huenda isifike mwisho, mwenyeji huihesabia hatua, na zikizidi kiasi huisimamisha. Namba ya siri ya fedha isipite mikononi mwake kamwe: mgeni aseme tu, naomba shilingi kadhaa, na mwenyeji mwenyewe amwulize mwenye simu.

Kuna hila moja ya kuangaliwa sana, nayo twaijua majumbani. Mgeni hawezi kuingia ghalani, lakini humwita mtoto wa nyumbani, akamwambia, "Nenda kamwambie mama akupe ufunguo." Mtoto huenda, na mama, akimwona ni mwanawe, hutoa. Programu nyingi zimeibiwa kwa namna hiyo hiyo: mwenyeji mwenye ruhusa zote hutumwa na asiye na ruhusa. Dawa yake ni kwamba kila ombi lipelekwe kwa jina la aliyelianzisha.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuuma. Mwezi wa Januari, karo zinapodaiwa, wako wazazi hapa kwetu wanaochukua mkopo kwa programu za simu. Programu huomba kusoma majina na namba zote zilizomo, na mzazi hugusa "Ruhusu". Akichelewa kulipa, ujumbe huenda kwa mama mkwe, kwa mwalimu wa mtoto, kwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama, ukimtangaza kuwa mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 za kukopesha zisizokuwa na leseni. Google nayo ilikuwa imekataza mwaka 2023 programu za mikopo zilizomo katika duka lake zisiguse majina wala picha za watu. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023.

Wenye programu hizo hujitetea kwamba mkopaji alikubali. Sisi hatuuoni huo kuwa utetezi. Kwanza, mtu aliyekabwa na karo hukubali hata lile ambalo hajalisoma. Pili, na hili ndilo kubwa, yale majina hayakuwa yake ya kutoa. Wazee wetu walikuwa na desturi ya kumkabidhi jirani ng'ombe amfugie. Mfugaji alipata maziwa na samadi, lakini ng'ombe na ndama walibaki kuwa wa mwenyewe, na aliyemwuza ng'ombe wa kufugiwa hakuweza kujitetea kwamba mnunuzi alimwomba kwa adabu. Namba ya mama mkwe imo katika simu yako ili umpigie. Hayo ndiyo maziwa yako.

Kwa hiyo kizuizi ndani ya simu hakimlindi mwenye simu peke yake. Huwalinda watu mia mbili au mia tatu ambao hawakuulizwa lo lote, na wengine wao hawajawahi kuimiliki simu ya namna hiyo. Kijana atakayeajiriwa kuijenga programu kama hizo ataombwa siku moja aache mlango mmoja wazi kwa ajili ya mshirika wa biashara, kwa majuma machache tu. Tungependa awakumbuke hao.

Hata hivyo kuta hizi zina nyufa. Januari 2018 wataalamu walitangaza kasoro iitwayo Spectre, ambayo kwayo programu iliyofungiwa iliweza kubahatisha siri za jirani kwa kupima tu muda ambao kompyuta huchukua kufanya kazi zake. Ikabidi programu za kusomea mtandao ziwape wageni saa isiyo sahihi sana. Na mwenyeji mwenyewe, yule mwenye programu kubwa, hana kizuizi alichojijengea. Yeye huona fedha za kila mtu na safari za kila mtu, na ndiye achaguaye nani aingie. Sheria tuliyoitaja humfunga naye, lakini sheria hufika baada ya tendo, na ukuta huwapo kabla. Vijana wale walituuliza pia kama kuna njia ya kumjengea mwenye nyumba ukuta asioweza kuubomoa mwenyewe. Tungefurahi kupokea barua za wasomaji juu ya hilo kabla ya toleo lijalo, hasa kutoka kwa wale wafanyao kazi hiyo Moshi na Arusha.