Nyanya Asiwe Fimbo Nyumbani



Leo ningependa tuzungumze juu ya marehemu. Huenda mkashangaa kwamba ukurasa wa ndoa unaanza na kaburi. Lakini katika nyumba nyingi za huku kwetu Kitui na Makueni, bwana na bibi hawako peke yao. Yuko nyanya, aliyezikwa miaka mingi iliyopita, ambaye jina lake hutajwa kila chakula kikichelewa, kila mtoto akikosa adabu, kila pesa zikipungua. Swali langu ni hili: je, tukimkumbuka mpendwa wetu kwa mazuri yake tu, tunamtendea haki? Na je, tunawatendea haki wale tunaoishi nao?

Mimi nililelewa na nyanya, mama yake baba. Sisi Wakamba humwita susu. Wazazi wangu walikuwa wakitafuta riziki Mombasa, nasi watoto tukabaki naye upande wa Kibwezi. Susu aliamka kabla ya jogoo. Alitwanga muthokoi kwa kinu, akaenda mtoni kuchimba mchanga mpaka maji yatokee, na njiani mikono yake haikukaa bure, ilikuwa ikisuka kiondo. Ilipofika zamu ya mwethya, alikuwa wa kwanza shambani na jembe lake kuchimba matuta ya kuzuia udongo. Wakati wa njaa ya 1984 nilikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka ugali wa mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka ng'ambo, na nakumbuka kwamba susu alikula wa mwisho. Hakujua kusoma, lakini katekisimu aliijua kwa moyo, na hakuna aliyelala kabla ya Rozari. Kama leo mimi ni katekista, mbegu aliipanda yeye.

Basi nilipooa, nikaingia katika ndoa na susu mkononi kama fimbo. "Susu hangefanya hivi." "Susu alilea watoto tisa bila kulalamika." "Susu hakuwahi kugombana na babu." Nilidhani ninamheshimu marehemu. Jioni moja mke wangu alipika muthokoi wa kukobolewa mashineni, nami nikasema kwamba wa susu ulikuwa na ladha nyingine. Mama watoto aliweka mwiko chini, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba watoto, mtu aliyekufa hakosei tena. Mimi ningali hai, nakosea kila siku. Nitamshinda vipi?"

Sikuwa na jibu. Siku chache baadaye nilimwendea shangazi yangu, binti wa susu, nikitumaini kwamba ataniunga mkono. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka, kisha akaacha kucheka. Akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

Mwaka 1961 ulikuwa wa ukame mkali, na kufikia mwisho wa mwaka huo ukaja na mafuriko makubwa. Kabla mvua haijafika, babu aliuza mbuzi wawili wa mwisho, na pesa akazimaliza kwenye pombe. Susu alipomuuliza, alimpiga. Susu hakupiga kelele. Alimfunga mtoto mdogo mgongoni, akamshika shangazi mkono, akavuka mto Athi kurudi kwao upande wa Ikutha, huko Kitui. Baadaye mvua zikaja, mto ukajaa, na babu akabaki peke yake ng'ambo ya pili. Maji yalipopungua alikwenda huko na wazee wawili na mbuzi. Mbele ya baba mkwe na mashemeji alisema kwamba yeye ndiye aliyekosa. Susu alimsikia, lakini hakurudi siku ile. Alimwambia, "Nenda kwanza ukaache pombe, kisha nitaona." Alirudi baada ya mavuno yaliyofuata, alipopata habari kutoka kwa majirani kwamba kweli bwanake ameacha. Na tangu siku hiyo, alisema shangazi, babu hakumwinulia mkono tena.

"Ile nyumba ya amani unayoisifu," shangazi akamaliza, "wewe uliikuta imekwisha kuezekwa. Hukuwaona wakichimba mashimo ya nguzo."

Wapendwa, nilirudi nyumbani nikiwa mzito. Kwanza niliona kwamba susu niliyekuwa nikimsifu hakuwa susu mwenyewe. Nilikuwa nimemwondolea machozi, hasira na ujasiri wake, nikabakiza mwanamke asiyelalamika, kwa sababu mwanamke wa namna hiyo alinifaa mimi. Wahenga walisema, asifuye mvua imemnyea. Mimi nilisifu mvua isiyoninyea.

Wengine watauliza: je, si kumvunjia heshima marehemu kutaja makosa ya nyumba yake? Swali hili si dogo. Baba yangu mwenyewe hakupenda habari hii isemwe, nami namwelewa, kwa kuwa ni baba yake na mama yake. Umbea ni dhambi hata ukiwa wa kweli. Shangazi hakuisimulia sokoni wala matangani; aliitunza karibu miaka hamsini, akaitoa siku ilipoweza kuponya ndoa ya mjukuu. Hapo ndipo penye tofauti. Mwenye umbea hutaja kosa ili kumshusha mtu. Shahidi hulitaja ili aliye hai ajue njia ya kutoka shimoni.

Tena tutazame Injili. Mathayo anapoorodhesha ukoo wa Bwana wetu, anawataja Tamari, Rahabu, Ruthu, na yule aliyekuwa mke wa Uria. Wengine kati yao habari zao si za kujivunia hata kidogo, na aibu ya baadhi ililetwa na wanaume. Mwinjili hakuwaficha nyanya hao wa Yesu. Neema ya Mungu ilipita katika nyumba zilizokuwa na nyufa. Kwa nini basi sisi tuzipake chokaa nyumba za wazee wetu, kisha tuwalaumu wake zetu kwa nyufa za nyumba yetu?

Neno moja nisisitize, nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba kila mke aliyepigwa ni lazima arudi kwa sababu susu alirudi. Susu alirudi baada ya kuona mabadiliko, si kabla. Marehemu Papa Fransisko, katika wosia wake wa *Amoris Laetitia* wa mwaka 2016, alikiri kwamba kuna hali ambapo kutengana hakuepukiki, hata mara nyingine ni wajibu, ili kumwokoa mke au watoto kutoka kwa ukatili. Asiyetubu asidai kusamehewa kwa jina la nyanya.

Papa huyo huyo ndiye aliyeweka, mwaka 2021, siku ya kuwakumbuka babu, nyanya na wazee ulimwenguni kote, Jumapili ya nne ya mwezi wa Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Siku hiyo ikifika, msiishie kuwapa wazee blanketi na sukari. Kaeni nao muwaulize: "Ninyi mlipatanaje?" Na kama wameshalala, mwulizeni shangazi au mjomba aliyebaki.

Mtakatifu Paulo, akimwandikia Timoteo, alimtaja nyanya yake Loisi. Hakumtaja ili kumwaibisha Timoteo kwamba hamfikii. Alimtaja kwa furaha, kwa sababu aliiona imani ile ile ikiishi ndani ya mjukuu. Nyanya ni wa kurithiwa. Asifanywe mizani ya kumpimia mke, wala bwana. Maana najua akina mama wengine nao huwapima waume zao kwa babu zao.

Jioni hii, kabla ya sala, kila mmoja amwambie mwenzake jambo moja jema alilolifanya juma hili, bila kumlinganisha na mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa.

Nami sijapona kabisa. Hadi leo ulimi ukiteleza nikaanza, "Susu hangefanya...", mama watoto huniuliza kwa upole, "Na babu yako alivuka Athi kufanya nini?" Basi mimi hunyamaza, nikachukua sahani yangu, nikala.

Mungu azibariki ndoa zenu.