Wajane Waliosahauliwa Katika Orodha

Somo: Matendo ya Mitume 6:1–7



Katika somo letu twaliona kanisa la kwanza likigawa chakula kila siku. Kazi ilikuwa njema. Hata hivyo wajane wenye kusema Kiyunani walisahauliwa, na manung'uniko yakaingia kati ya ndugu. Jambo hili si la zamani tu.

Mwakumbuka kwamba mwezi wa Februari mwaka 2020 Serikali ilizindua awamu ya pili ya mpango wa kunusuru kaya maskini, ulio chini ya TASAF. Mwezi uliofuata ugonjwa wa korona ukaingia nchini. Na mwezi wa Oktoba mwaka 2021, Serikali ilipotangaza matumizi ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 ili kupambana na madhara ya tauni ile, sehemu yake iliwekwa kwa ajili ya kaya hizo. Twamshukuru Mungu, maana kwake hutoka kila riziki, hata ile ipitayo mikononi mwa Serikali.

Lakini fikirini jinsi orodha zilivyofanywa. Majina ya maskini yalitajwa katika mkutano wa kijiji. Na waandishi walipokwisha kupita nyumba kwa nyumba, yalirudishwa mkutanoni yathibitishwe. Basi sisi wenyewe tulikuwa kinywa cha orodha ile.

Nilihudhuria mkutano wa namna hiyo katika kijiji kimoja cha Uluguru. Mtu mwenye shamba kubwa la migomba na nyumba ya bati aliinuka akaulilia umaskini wake, na jamaa zake wakamwitikia. Juu mlimani alikaa bibi mmoja mjane mwenye wajukuu watatu, ambaye magoti yake hayakuweza kuishuka njia ile yenye utelezi. Hakuna aliyemtaja. Nami, mchungaji wake, niliyekula magimbi yake mara nyingi, nilinyamaza kwa kuwaogopa watu wa ukoo mkubwa. Jioni nilipopita mlangoni pake aliniambia, "Karibu, Baba Mchungaji." Hakujua ya kuwa nilikuwa nimemnyima kwa kufunga kinywa changu.

Katika Katekisimo Ndogo, Luther afundisha kwamba amri ya saba haikatazi wizi tu, bali yatuagiza pia tumsaidie jirani kuitunza mali yake na riziki yake. Basi ajifanyaye maskini humwibia maskini, na anyamazaye humshikia mwizi mfuko.

Mitume walifanya nini? Hawakuwakemea walionung'unika, wala hawakuacha kugawa kwa kuwa kosa limeonekana. Waliliagiza kanisa kuchagua watu saba wenye sifa njema. Tazama, majina ya wale saba yote ni ya Kiyunani. Yaelekea kwamba kazi ya kugawa iliwekwa mikononi mwa ndugu wa wale waliosahauliwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkutano wa kijiji ukiitwa tena kwa jambo la msaada, nendeni. Kabla ya kwenda, zipiteni nyumba za juu, mjue ni nani asiyeweza kushuka, na jina lake mlitaje kwanza. Kama jina lako limeandikwa nawe hupungukiwi, liondoe mwenyewe, usingoje kufichuliwa. Kama fedha ya mgonjwa huja kwa simu yako, mpelekee yote, hata shilingi ya mwisho. Nanyi wazee wa kanisa, msiseme kwamba hayo ni mambo ya Serikali. Mitume waliyahesabu kuwa mambo ya kanisa.

Mimi nilipanda tena kwa yule bibi, nikamwomba radhi. Alinisamehe, akanifungia magimbi nipeleke nyumbani. Siku ile nilishuka mlima na mzigo mzito kuliko magimbi.

Luka aandika kwamba shauri lile lilipokwisha kutengenezwa, Neno la Mungu lilienea, na hesabu ya wanafunzi ikaongezeka. Watu walisadiki mahubiri ya kanisa lililowakumbuka wajane wake. Bwana atufungue vinywa kwa ajili yao wasiofika mkutanoni. Amina.